Kamba wa kuchoma kwa siagi: mambo ya kujua kabla hujawasha jiko

Kaskazi ikishaingia, bahari ya pwani yetu hutulia, maji huwa maangavu, na wazamiaji huibuka na kamba kochi kwa urahisi kuliko wakati wa kusi. Ndiyo miezi ya joto pia, ambayo watu huhamishia chakula cha usiku uani au barazani kwa sababu ndani hakukaliki. Na ndiyo miezi ambayo swali moja hurudi mara nyingi kipindini: nimepata kilo ya kamba, nataka kuwachoma kwa siagi nyumbani, nianzie wapi?

Swali hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Kamba ni ghali. Katika nyumba nyingi za wavuvi wenyewe, kamba hupita tu mlangoni kwenda kwa mnunuzi wa hoteli au wa kiwanda, na watoto hula dagaa. Siku familia ikiamua kilo moja ibaki nyumbani, haifai ikaishia kuwa nyama ngumu kama kandambili, au mbaya zaidi, ikawapeleka watu zahanati. Mambo mawili ndiyo huharibu kamba: saa zilizopita kabla hajafika jikoni, na dakika mbili za ziada akiwa juu ya moto. Viungo ni jambo la baadaye.

Tunazungumzia kamba yupi?

Jina hili hubeba viumbe kadhaa. Wapo kamba wa kawaida, ambao wengine huwaita kambamti. Hawa hutaga baharini, kisha watoto wao hukulia kwenye mikoko na midomo ya mito. Ndiyo sababu delta ya Rufiji husifika kwa kamba Tanzania, na Ghuba ya Ungwana, kule Mto Tana unakomwaga maji, husifika Kenya. Wenye ukubwa wa kidole cha kati na kuendelea ndio wanaofaa kuchomwa. Uduvi waache kwenye mchuzi, moto wa mkaa utawamaliza kabla hujageuza mkono.

Kamba kochi ni mwingine. Yeye hukaa kwenye mapango ya miamba na matumbawe, ana miiba mgongoni na mapembe marefu ya kupapasia. Hapa niseme jambo moja kwa wanaojifunza kupika kwa video za kwenye simu: kamba wanaoonyeshwa kwenye video nyingi za Marekani na Ulaya wana magando mawili makubwa kama ya kaa, na mpishi hutumia muda mwingi kueleza namna ya kuyapasua. Kamba kochi wetu hana magando hayo. Nyama yake karibu yote iko mkiani. Ukifuata muda wa mapishi uliowekwa kwa yule wa magando, huyu wa kwetu utamkausha.

Kaa wa mikoko anachomeka, ila ganda lake ni nene na moto hauingii sawasawa. Mchemshe kwanza mpaka aive, mpasue, ndipo umpitishe kwenye makaa na siagi kwa dakika chache kupata harufu.

Kununua

Kamba akifa, nyama yake huanza kuharibika haraka kuliko ya samaki wengi. Kichwani mwake kuna viungo vya kumeng'enya chakula, na akishakufa vimeng'enya vile huanza kumla yeye mwenyewe, kuanzia pale kichwa kinapoungana na mwili. Kwa hiyo tazama hapo kwanza. Kichwa kinachoning'inia au kujitenga kikiguswa kinakuambia kamba amekaa sana. Ganda liwe linang'aa na kubana mwili, si kuteleza kama sabuni. Kichwa kikianza kupata weusi, si lazima kamba awe ameoza, lakini si wa asubuhi ya leo. Pua ndiyo hakimu wa mwisho: kamba mzuri hunuka bahari, mbovu hunuka kama mkojo uliolala. Harufu hiyo haiondoki kwa ndimu, na wanaouza kamba walioloweshwa ndimu nyingi wana sababu yao.

Kamba kochi mnunue akiwa hai ikiwezekana. Mwinue kwa mgongo. Aliye hai na mwenye nguvu hupiga mkia kwa kuukunja chini ya tumbo. Anayening'inia kama kitambaa, mwache.

Na mgeuze tumbo juu kabla hujalipa. Ukiona chini ya mkia kuna mkusanyiko wa vijimbegu vingi vya rangi ya machungwa au kahawia, huyo ni jike mwenye mayai. Hubeba mayai hayo kwa wiki kadhaa mpaka yaanguliwe, na jike mmoja mkubwa hubeba maelfu kwa maelfu. Anapaswa kurudi majini akiwa mzima. Mnunuzi akikataa kumnunua, mzamiaji hana sababu ya kumleta tena. Kikundi cha BMU cha ufukweni kwenu au afisa uvuvi atakueleza kanuni za eneo lako kuhusu mayai, ukubwa na miezi ya kufunga uvuvi.

Kutoka ufukweni hadi nyumbani ndipo kamba wengi hufia mara ya pili. Kwenye joto letu la kaskazi, saa moja tu nje ya barafu ni nyingi. Beba deli au ndoo yenye mfuniko na barafu. Weka kamba ndani ya mfuko, kisha mfuko ndani ya barafu, ili wasielee kwenye maji yanayoyeyuka. Maji baridi yasiyo na chumvi huwanyonya ladha na kuwafanya walegee. Kama safari ni ya pikipiki kwa saa mbili na barafu hakuna, ushauri wangu ni kununua samaki mkavu na kuacha kamba kwa siku nyingine.

Wanaokaa mbali na bahari hupata kamba waliogandishwa, na hakuna ubaya. Wengi hugandishwa wakiwa wabichi kuliko wale waliozungushwa sokoni mchana kutwa. Wayeyushe kwenye maji baridi wakiwa ndani ya mfuko uliofungwa, au kwenye jokofu usiku mmoja. Usiwaanike juani.

Siagi si majarini, na moto wa mkaa haupendi siagi

Neno siagi tunalitumia ovyo. Kopo la njano ambalo watoto hupakiwa mkate mara nyingi ni majarini, yaani mafuta ya mimea. Siagi hutokana na maziwa. Soma maandishi ya kwenye kopo au karatasi. Majarini italainisha kamba, lakini ule utamu wa maziwa unaoutafuta hautaupata.

Wanaofuga ng'ombe hawahitaji duka. Maziwa yakishaganda, yakasukwasukwa kwenye kibuyu, siagi hupanda juu. Ioshe kwa maji baridi mara kadhaa mpaka maji yatoke safi, kwa sababu maziwa yaliyobaki ndani ndiyo huifanya ichache upesi.

Sasa lipo jambo ambalo mapishi mengi hayaelezi. Karibu asilimia 80 ya siagi ni mafuta. Iliyobaki ni maji na chembe za maziwa. Chembe hizo huanza kuungua kwenye nyuzi 150 hivi za Selsiasi, na makaa ya jiko yana joto kali kuliko hapo kwa mbali. Ukimpaka kamba siagi nyingi tangu mwanzo, siagi hudondoka, makaa huwaka ndimi, masizi humrudia kamba, na chembe za maziwa huwa nyeusi na chungu. Utasema kamba ni mbaya, kumbe ni siagi iliyoungua.

Dawa yake bibi zetu walikuwa nayo siku zote: samli. Samli ni siagi iliyoondolewa maji na zile chembe, kwa hiyo huvumilia moto mkali. Tumia samli kidogo wakati wa kuchoma, na siagi mwishoni, kamba akiwa karibu kuiva au ameshatoka motoni. Kama huna samli, yeyusha siagi kwa moto mdogo, engua povu, iache mpaka chembe zishuke chini na kuanza kubadilika rangi, kisha chuja kwa kitambaa safi. Hiyo tayari ni samli.

Kuandaa

Kwa watu wanne wanaokula na wali, kilo moja ya kamba wenye maganda na vichwa inatosha. Utahitaji siagi gramu 100, samli vijiko viwili vya chakula, punje tano za kitunguu thomu, ndimu mbili, pilipili mbichi kwa kiasi chenu, chumvi, na majani ya kotmiri ukipenda. Orodha inaishia hapo. Wapo wanaoongeza bizari, tangawizi, unga wa pilipili hoho na sosi ya nyanya, na wana haki yao, ila kwa kamba aliyevuliwa leo naona ni kumfunika mgeni blanketi wakati wa joto.

Usimenye maganda. Ganda humkinga kamba na moto na kumhifadhia maji yake. Chukua mkasi au kisu kidogo, pasua mgongo kuanzia nyuma ya kichwa hadi karibu na mkia, utoe ule uzi mweusi. Si mshipa kama wengi wanavyodhani, ni utumbo, na mara nyingi una mchanga ndani. Kata pia ile miiba ya kichwani, itawachoma watoto. Suuza haraka, kausha kwa kitambaa. Kamba aliyelowa maji huchemka badala ya kuchomeka.

Nyunyiza chumvi na upake samli kidogo, hasa pale ulipopasua. Ndimu subiri. Ukiwaloweka kwenye ndimu nusu saa, ukali wake huanza kuigeuza nyama kuwa nyeupe na ngumu hata kabla haijaona moto.

Kama wavu wako una matundu makubwa, wachome kwa vijiti. Chelewa za mnazi zinafaa sana, zioshe na uzilowekе majini nusu saa zisiungue. Tumia mbili kwa kila safu ya kamba, moja kichwani na moja mkiani, ili wasizunguke unapogeuza.

Kamba kochi aliye hai mlaze kwenye barafu kama dakika 20 au 30 mpaka alegee kabisa. Kisha kwa kisu kizito chenye ncha mpasue haraka kichwani katikati ya macho, uendelee kumgawa pande mbili kwa urefu. Toa utumbo na kile kitu laini kilicho kichwani. Nyama ya mkia ibaki ndani ya ganda lake.

Motoni

Jiko liwe nje. Hili halina mjadala, hata mvua ikinyesha. Mkaa unapowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na kila mwaka watu hufa wakiwa wamelala na jiko ndani ya chumba kilichofungwa. Jiko likishamaliza kazi ya kamba, lisiingizwe ndani likiwa na makaa.

Washa mapema. Vifuu vya nazi hutoa makaa makali na harufu nzuri, mkaa wa kawaida nao hauna neno. Usichome juu ya ndimi za moto. Subiri mpaka makaa yote yafunikwe na jivu jepesi la kijivu. Weka kiganja juu yake kwa umbali wa shubiri moja na uhesabu polepole: ukilazimika kuondoa mkono kwenye tatu au nne, moto uko tayari. Ukifika saba bila shida, ongeza makaa au pepea.

Wakati huo siagi iwe inayeyuka kwenye sufuria ndogo pembeni mwa jiko, pamoja na thomu iliyopondwa na pilipili. Iyeyuke na kunukia tu. Thomu ikiwa ya kahawia umechelewa.

Panga kamba kwenye wavu bila kuwasonganisha. Wa saizi ya kati wanahitaji kama dakika mbili kila upande, wakubwa wa milia huenda tatu. Usiondoke. Usiitike simu. Usiende kutazama wali, mwambie mtu mwingine.

Wengi hudanganywa na rangi. Ganda huwa jekundu mapema, kabla nyama haijaiva. Rangi ile ilikuwemo tangu kamba akiwa hai, ila ilikuwa imefungwa na protini inayoifanya ionekane ya kijivu au kibuluu, na moto huivunja protini hiyo na kuiachia. Kwa hiyo tazama nyama pale ulipopasua mgongo. Ikiwa bado inapitisha mwanga kama kioo chenye ukungu, haijaiva. Ikiwa nyeupe yote hadi ndani, imeiva. Wapishi wenye kipimajoto hulenga nyuzi 63 ndani ya nyama. Umbo nalo lina habari: kamba aliyejikunja kama herufi C yuko sawa. Aliyejiviringisha mpaka mkia unakaribia kichwa, huyo umemzidishia.

Nusu dakika ya mwisho ndiyo ya siagi. Paka kwa brashi au kwa bua la kotmiri lililofungwa pamoja, acha inukie, ondoa. Siagi yote iliyobaki imwagie kamba wakiwa kwenye sinia, kamulia ndimu, nyunyiza kotmiri.

Kamba kochi aliyepasuliwa, mwenye nusu kilo hivi kabla ya kupasuliwa, mpake samli na umlaze upande wa nyama chini kwa dakika mbili apate rangi. Mgeuze, ganda liwe chini. Sasa ganda lenyewe ni sufuria: mwagia siagi ya thomu ndani yake kijiko kwa kijiko kwa dakika tano au sita, mpaka nyama iwe nyeupe na ianze kuachana na ganda pembeni. Huyu ndiye chakula ambacho siagi inakaa inapotakiwa, na kwa kweli naona ndiye rahisi zaidi kuliko kamba wadogo.

Wali wa nazi, chapati au muhogo uwe umeshaiva kabla kamba hajagusa wavu. Kamba hasubiri mtu.

Nani asile

Kabla hujakaribisha wageni, uliza. Wapo wasiokula kwa imani. Wasabato hawali viumbe wa majini wasio na mapezi na magamba. Miongoni mwa Waislamu, wafuasi wa Imamu Shafi, ambao ni wengi pwani, hula kamba, lakini wengi wa madhehebu ya Hanafi hawali kaa wala kamba kochi. Kuuliza ni adabu tu.

Mzio, au aleji kama wengi tunavyosema, ni jambo zito zaidi. Kamba, kaa na kamba kochi ni miongoni mwa vyakula vinavyosababisha mzio mkali zaidi, na unaweza kuanza ukubwani kwa mtu aliyekuwa akila miaka yote. Protini inayouleta haiharibiwi na moto, hivyo kumpika sana kamba hakusaidii. Anayemzio wa kamba achukuliwe kuwa na wa kaa pia mpaka mtaalamu aseme vinginevyo. Kumchomea mtu huyo samaki kwenye wavu uleule, au kumpakia siagi iliyoguswa na brashi ya kamba, kunatosha kumdhuru.

Dalili huanza ndani ya dakika chache au saa moja mbili: mwasho mdomoni, mabaka ya ngozi, macho na midomo kuvimba, kutapika, tumbo kukata. Akianza kukohoa, sauti kubadilika, kupumua kwa shida au kuishiwa nguvu, hiyo ni dharura. Mpeleke kituo cha afya dakika hiyohiyo, anahitaji sindano ya adrenalini. Akizimia mlaze na kuinua miguu. Anayehangaika kupumua aachwe akae. Maziwa, mafuta ya kula na kutapishwa kwa nguvu havimsaidii, vinapoteza muda. Mtoto au mgeni wa bara anayekula kamba kwa mara ya kwanza aanze na kipande kidogo, mchana, mbele ya watu.

Chaza, kome na kombe sijawaweka kwenye mapishi haya kwa makusudi. Viumbe hawa hujilisha kwa kuchuja maji, hivyo uchafu wa mfereji unaoingia baharini hukusanyika ndani yao, na wakati mwingine sumu ya mwani, ambayo moto hauiondoi. Ukiwachoma, wawe wametoka eneo ambalo wenyeji wanalitegemea na lisilo karibu na maji machafu, wakiwa hai wakati wa kuwekwa motoni, na asiyefunguka baada ya kuiva atupwe.

Kilichobaki

Pasipo jokofu, kamba walioiva waliwe usiku huohuo. Kuwapasha moto asubuhi hakurudishi usalama, na siagi iliyolala nao imeshabeba kila kitu walicho nacho.

Lakini usitupe vichwa na maganda mabichi kama uliwamenya wengine. Usiku huohuo, vikaange kwa samli mpaka viwe vyekundu na vinukie, mimina maji, chemsha kama dakika 20, ponda kidogo na uchuje vizuri. Ongeza tui na chumvi. Huo ni mchuzi wa wali ambao wanunuzi wa hoteli hawajui kwamba mmewaachia kamba na kubaki nao. Maganda yaliyochujwa yafukiwe shimoni kabla hamjalala, la sivyo nzi na paka wa mtaa mzima watakuwa uani alfajiri.